Maswali Yenu: Majitaka ya Ukingo wa Magharibi, nani anasaini?

Toleo lililopita tuliweka vimistari vichache tu kuhusu mabonde ya Ukingo wa Magharibi kule Palestina yanavyogeuka mifereji ya majitaka, yani hata nusu ukurasa haikufika, nikajua watu watapita juu juu waende zao kwenye michezo. Wapi! Maswali yamejaa. Nimechagua saba, mengine yalikuwa matusi matupu nimeyaacha huko huko kwenye chemba.

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Kitu kimoja sikielewi. Wafadhili wapo, Mjerumani anatoa, Mjapani anatoa, Benki ya Dunia inatoa, wahandisi wa Kipalestina wamesoma sana tu, sasa inakuwaje mji mzima unamwaga kinyesi bondeni? Si uzembe tu huo jamani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Uzembe kidogo upo kila mahali siwezi kubisha, lakini pale kinachokwamisha zaidi ni sahihi, yani karatasi. Ngoja nikupeleke taratibu.

Septemba 1995 Waisraeli na Wapalestina walisaini Washington mkataba wa pili wa Oslo, na humo ndani kuna kifungu cha 40 kinachohusu maji na majitaka. Kikaundwa kitu kinaitwa Kamati ya Pamoja ya Maji, wajumbe sawa kwa sawa, na maamuzi ni kwa kukubaliana wote, hakuna cha kupiga kura. Kwa maneno inapendeza eeh? Sasa ona: kamati hiyo inahusika na Ukingo wa Magharibi peke yake. Mpalestina akitaka kuchimba kisima au kujenga mtambo wa majitaka lazima Muisraeli akubali, lakini Muisraeli akijenga wa kwake ndani ya Israel hamuulizi mtu. Kwa hiyo usawa wa viti haukuzaa usawa wa nguvu.

Alafu mkataba huo huo ukaigawa ardhi vipande vitatu, A, B na C. Eneo C ni karibu asilimia 60 ya Ukingo wote na liko chini ya Israel moja kwa moja, kujenga chochote humo unahitaji kibali kingine tena kutoka Utawala wa Kiraia wa Israel, ambao jina ni kiraia ila bosi wake ni jeshi. Sasa fikiria kama fundi. Mtambo wa majitaka hauwekwi katikati ya mji, unataka sehemu ya chini ili bomba lishuke lenyewe kwa mteremko bila kula umeme wa pampu, unataka uwanja mkubwa, unataka umbali na nyumba za watu sababu ya harufu. Maeneo A na B ndo miji na vijiji vyenyewe, yamekaa kama visiwa, na C ndo bahari iliyovizunguka. Ukitafuta saiti nzuri kiufundi, mara tisa kwenye kumi unajikuta uko C, na hata kama mtambo hauko C basi bomba la kuufikia linapita C. Umeona mtego ulipo.

Kibaya zaidi mradi ukifika mezani unakutana na sharti la walowezi, yani Waisraeli waliohamia kuishi kwenye Ukingo wa Magharibi. Mara kadhaa upande wa Israel umetaka mtambo wa Wapalestina upokee pia majitaka ya makazi ya walowezi ya jirani, na kihandisi ukiangalia wala si wazo la kijinga, bonde ni moja, bomba moja ni nafuu kuliko mawili. Lakini Mpalestina akikubali ni kama ameandika kwa mkono wake kwamba yale makazi ni halali yabaki pale milele, wakati msimamo wake na wa sehemu kubwa ya dunia ni kwamba yapo kinyume cha sheria. Anakataa, faili linarudi kabatini. Kuanzia kama 2010 hivi hiyo kamati ilikaa miaka bila kukutana kwa sababu za namna hiyo hiyo, mpaka Januari 2017 ndo wakakubaliana kuifufua. Miaka yote hiyo watu hawakuacha kwenda chooni.

Na si kwamba hakuna kilichopita. Al-Bireh wana mtambo tangu 2000 kwa hela ya Ujerumani, Nablus magharibi wakapata wa kwao 2013, nao wa Ujerumani, baada ya mazungumzo yaliyoanza huko miaka ya 1990, na Jeriko wakasaidiwa na Japani 2014. Kwa hiyo inawezekana, ila ujue unayesubiri kibali ulianza kusubiri ukiwa na mtoto wa chekechea, mtambo unawashwa anamaliza sekondari.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni dereva wa gari la kunyonya majitaka mwaka wa tisa sasa, hizo siasa waachie wenyewe, nieleze kikazi, huko mabondeni kunapita nini hasa? Ni vinyesi tu au na vitu vya viwandani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, swali lako ndo nimelipenda kuliko yote.

Kwanza wenzio wa kazi wapo wengi sana kule, kwa sababu nyumba nyingi hasa za vijijini hazijaungwa na bomba, zina mashimo. Na mashimo mengi hayajapigwa sakafu, na we unajua kwa nini mwenye nyumba hapigi sakafu: anataka maji yanywee ardhini ili asikuite mara kwa mara. Shida ni kwamba milima ile ni mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango ndani kwa ndani, maji yakiingia hayachujwi kama kwenye mchanga, yanateleza tu mpaka chini. Na chini pale ndo kuna hifadhi ya maji ya milimani ambayo Wapalestina na Waisraeli wote wanavuta kunywa. Unamwaga juu, unakunywa chini. Na lile gari likishajaa linaenda kumwaga wapi? Mtambo haupo jirani, basi bonde la karibu.

Sasa viwanda. Nenda Hebroni. Kule kuna karakana nyingi za kukata mawe ya ujenzi, yale mawe meupe mazuri. Msumeno wa kukatia jiwe lazima upoozwe kwa maji muda wote, la sivyo unaungua, kwa hiyo chini ya mashine panatoka uji mweupe kama maziwa mazito, ni vumbi la jiwe na maji. Ukiuacha uende kwenye mfereji unatembea kidogo tu unaanza kutuama, na ukituama unaganda kama plasta ya ukuta, bomba la inchi nane linabaki na tundu la kupitisha ngumi. Kijito cha Hebroni chenyewe kinabadilika rangi, kijivu kinachoelekea weupe, kinateremka kuelekea kusini, kinavuka ule Mstari wa Kijani, yani mpaka wa Ukingo na Israel, kuingia upande wa Be'er Sheva. Pale karibu na mpaka Waisraeli wakajenga mtambo, Shoket, wa kuyapokea.

Mtambo wa majitaka kama hujawahi kuuona kwa ndani, kazi yote inafanywa na wadudu, bakteria, wanapulizwa hewa wanakula uchafu wanazaliana, tope lao ndo linaitwa tope hai. Sasa wewe waletee unga wa mawe. Unakaa chini ya tangi, unajaza nafasi, unakwaruza pampu, tope hai linakuwa tope jiwe. Na dawa yake wala si kubwa: karakana ijenge matangi ya kutuamisha, uji ukamuliwe na mashine mpaka uwe keki kavu, maji yarudi kwenye msumeno. Lakini keki nayo inataka dampo, na dampo linataka... eneo. Eneo lipi? Haya, tumerudi C.

SWALI: Mhariri samahani, yanayovuka mpaka yakasafishwa Israel, bili anapelekewa nani? Na je baada ya kusafishwa yale maji ni ya nani?

JIBU: Bili inalipwa na Mamlaka ya Palestina, ila hailetewi mkononi. Kwa mkataba wa Paris wa 1994 Israel ndo inakusanya ushuru wa forodha na VAT kwa niaba ya Wapalestina alafu inatakiwa iwapelekee kila mwezi. Kabla ya kuwapelekea inakata kwanza: umeme, hospitali, na gharama ya kusafisha majitaka yaliyovuka. Wapalestina wanalalamika kwamba hawaonyeshwi hesabu kamili, hakuna mtu wao kwenye kipimo anayeona zimepita mita za ujazo ngapi. (Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, kwa asiyejua.) Waisraeli nao wanasema aliyechafua alipe, mbona ni kanuni ya kawaida duniani. Ni kweli ni kanuni, ila na mimi nikinyimwa kibali cha kujenga choo alafu nikatozwa faini ya kujisaidia nje, nitaguna.

Swali lako la pili ndo tamu. Israel inatumia tena karibu asilimia 90 ya majitaka yake kwenye kilimo, hakuna nchi nyingine inayoifikia. Kwa hiyo majitaka ya Tulkarm au Hebroni yakishasafishwa upande wa pili yanageuka maji ya shamba upande huo huo wa pili. Mpalestina kalipia usafishaji, mwingine kamwagilia. Wapalestina wanataka ihesabiwe, ama wapunguziwe bili ama warudishiwe maji, maana kwao maji ni haba kweli kweli. Hapo ndo utaelewa kwa nini vita ya majitaka si vita ya uchafu, ni vita ya maji, yamechelewa tu kusafishwa.

Mfano mzuri wa hilo bonde la kuvuka ni Wadi Zomar. Inaanzia Nablus inapita Tulkarm, ikivuka inabadilika jina inaitwa mto Alexander, mpaka bahari ya Mediteranea. Mtoni humo wapo kasa wakubwa wa gamba laini, wale wa Nile, watu wanaenda na watoto kuwaangalia, na mradi wa kuukarabati huo mto ulishinda tuzo ya kimataifa ya mito mwaka 2003. Kila msimu wa zeituni unapofika, Oktoba na Novemba, mashine za kukamua mafuta juu huko zinaachia maji meusi wanayaita zibar. Usidharau hayo maji kwa kuwa ni ya matunda. Yana uchafu wa kuoza mara nyingi sana kuliko majitaka ya nyumbani na yana kemikali zinazoua wale wale bakteria wa mtamboni. Mtambo uliokuwa unakwenda vizuri mwaka mzima unapigwa ganzi wiki kadhaa na zeituni.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Hiyo Kidron mliyoiandika toleo lililopita kwenye mabonde ya majitaka ndiyo kijito Kedroni cha kwenye Yohana 18 au ni nyingine?

JIBU: Amina. Ndiyo yenyewe hiyo hiyo, ng'ambo yake ndo ilikuwa bustani. Waarabu sehemu ya chini wanaiita Wadi an-Nar, bonde la moto. Inaanzia Yerusalemu, inaingia Ukingo wa Magharibi, inapita chini ya monasteri ya Mar Saba iliyobandikwa kwenye jabali tangu karne ya 5, inaishia Bahari ya Chumvi. Na kwa miongo mingi iliyokuwa inateremka humo si maji ya kijito, ni vyoo vya Yerusalemu. Kikwazo kikubwa pale hakikuwa hela, ni kwamba ukisema nani ana haki ya kusafisha majitaka ya Yerusalemu Mashariki umeshasema Yerusalemu Mashariki ni ya nani, na hilo kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa tayari kulisaini kwenye karatasi ya bomba.

SWALI: We mwandishi una upande. Toleo zima Wapalestina wanachafua, walowezi je? Au wao hawaendi haja?

JIBU: Wanaenda, na wanamwaga pia. Shirika la haki za binadamu la Israel yenyewe, B'Tselem, lilitoa ripoti 2009 kwamba katika makazi 121 ni 81 tu yaliyokuwa yameungwa na mtambo wa kusafisha. Na makazi mengi yamekaa vileleni, kwa hiyo yanayoachiwa yanashuka kwenye mashamba ya kijiji kilicho chini. Ripoti hiyo hiyo ilisema pia kwamba sehemu kubwa sana ya majitaka ya Wapalestina haisafishwi kabisa. Nimeyaweka yote mawili. Barua nyingine iliyokuja wiki hiyo hiyo inanituhumu kupendelea upande wa pili, nitawakutanisha.

SWALI: Kaka na Gaza? Mi nilisikia polio imerudi kwa sababu ya majitaka, ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

JIBU: Ni kweli kwamba ilionekana kwanza kwenye majitaka. Juni 2024 zilichukuliwa sampuli Khan Younis na Deir al-Balah, Julai ikatangazwa kwamba zina kirusi cha polio aina ya 2, kile kinachotokana na chanjo na kusambaa pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Agosti akathibitika mtoto wa miezi kumi amepooza, kesi ya kwanza Gaza baada ya miaka 25. Tarehe 1 Septemba wakaanza kampeni ya chanjo wakilenga watoto zaidi ya laki sita, kwa kusimamisha mapigano eneo kwa eneo kwa masaa ili wauguzi wapite. Vita iliyoanza Oktoba 2023 ilikuwa imeshasimamisha mitambo, umeme hakuna, mafuta ya jenereta kidogo, pampu zimevunjika, watu wanakaa kwenye mahema pembeni ya madimbwi.

Lakini usidhani kabla ya hapo palikuwa shwari. Kaskazini pale Beit Lahia kulikuwa na ziwa zima la majitaka, mabwawa yalizidiwa yakamwagika hadi kwenye matuta ya mchanga. Machi 2007 ukuta wa udongo wa bwawa moja ukapasuka, wimbi likaingia kijiji cha Umm al-Nasr, wakafa watu wasiopungua wanne, wakiwemo watoto wadogo. Mradi wa kumaliza tatizo hilo Benki ya Dunia ilikuwa imeupitisha tangu 2004. Mtambo wenyewe ukaja kuanza kazi 2018! Katikati hapo kuna mzingiro, vita kadhaa, na orodha ya Israel ya vitu vyenye matumizi mawili, yani kitu cha kiraia kinachoweza kuwa cha kijeshi, ambapo bomba, pampu, saruji na kemikali vinasubiri mpakani mpaka vichunguzwe. Israel inasema Hamas wanatumia mabomba kutengenezea roketi. Na hata ujenzi ulipoisha umeme wa kuuendesha ukawa ndo kesi nyingine, sababu wale bakteria niliowataja wanataka hewa saa 24, ukiwakatia masaa manane wanaanza kufa, hawajui ratiba ya mgao.

Na hili nalo halibaki Gaza. Yaliyomwagwa baharini pale yanapelekwa kaskazini na mkondo, na 2016 iliripotiwa kwamba mtambo wa Ashkelon, upande wa Israel, wa kubadili maji ya bahari kuwa ya kunywa ulilazimika kusimama kwa sababu ya uchafu huo.

SWALI: Umetuvunja moyo. Kuna mahali popote maadui wamewahi kukubaliana hata kwenye hili la vyoo?

JIBU: Kupo, Nicosia, mji mkuu wa Kupro. Mji ule ulianza kuwekewa vizuizi Desemba 1963 na 1974 ukapasuka kabisa, Wagiriki wa Kupro kusini, Waturuki wa Kupro kaskazini, katikati wanajeshi wa UN. Mradi wa mabomba ya majitaka wa mji mzima ulikuwa umeshaanza, ukakatikia njiani. Mabomba yamezikwa nusu, mji unanuka pande zote mbili.

Kuna wazee wawili hapo, Lellos Demetriades meya wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini. Kisheria hawakutakiwa hata kutambuana, kila mmoja kwa mwenzake ni meya hewa. Mwaka 1978 wakakubaliana kuumaliza mradi, na ujanja ulikuwa kwenye vyeo: wanakutana kama wawakilishi wa jamii mbili za Nicosia, basi, hakuna bendera, hakuna suala la nani ni serikali. Bomba likapita chini ya mstari ambao juu yake mtu akipita anapigwa risasi. Mto wao Pedieos unaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo mteremko wenyewe ulishaamua mtambo ukae kaskazini, Mia Milia, Waturuki wanapaita Haspolat, ukaanza kazi 1980. Mtambo mpya wa kisasa ukaja miaka ya 2010, mita za ujazo 30,000 kwa siku, hela za Umoja wa Ulaya na bodi ya majitaka ya kusini. Akıncı baadaye akawa kiongozi wa Waturuki wa Kupro, 2015 mpaka 2020, na kisiwa bado kimegawanyika mpaka leo ninavyoandika.

Najua unayefuata utaniuliza mbona hawaigi Palestina. Kwa sababu Nicosia kila meya alikuwa na mji wake na mamlaka ya kuuchimba bila kuomba kibali kwa mwenzie, hakukuwa na Eneo C, na mtambo ulikuwa upande wa yule dhaifu, si upande wa mwenye nguvu, kwa hiyo kila mmoja alikuwa ameshika kitu cha mwenzie. Wadi Zomar mteremko unaelekea Israel, na yule wa juu hana cha kushika zaidi ya majitaka yenyewe.